Madaftari Tisa Yenye Kosa Moja

Hakuna aliyemfundisha Feza Mukantabana kwamba daftari la mtoto hufunguliwa kabla ya moto kuwashwa. Ilikuwa sheria aliyojitungia mwenyewe mwaka binti yake Benitha alipoingia darasa la kwanza, na kwa miaka miwili na nusu hakuivunja hata wiki aliyougua malaria. Kila siku alirudi kutoka soko la Kamembe mnamo saa kumi alasiri, harufu ya sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu aliowauza, ikiwa imemshika mpaka kwenye nywele, akanawa mikono mara mbili kwa sabuni na limau asije akaacha alama ya mafuta kwenye karatasi, kisha akaketi kwenye kigoda mlangoni, mahali penye mwanga mzuri. Wenye njaa walisubiri. Mumewe Niyomugabo, fundi wa kiwanda cha saruji huko Bugarama aliyekuwa akirudi nyumbani Jumamosi tu, alizoea kusema kwa utani kwamba daftari hula kabla ya baba: "Mu hii nyumba, kaye inakulaka mbele ya papa."

Feza alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Alizaliwa Bukavu, Kongo, mtaa wa Kadutu, kwa wazazi Wanyarwanda, akasoma kwa Kifaransa mpaka mwaka wa pili wa sekondari, vita vikafunga shule. Alipovuka mpaka kuja kuishi Rusizi, Rwanda, akiwa msichana wa miaka ishirini, vyeti vyake vilibaki upande wa pili wa mto, na upande huu hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kuwa navyo. Akawa mwanamke wa sambaza. Mtu akiwa mwanamke wa sambaza, watu husahau haraka kwamba anaweza kuwa kitu kingine.

Binti yake alikuwa akifundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo Feza hakuwa nayo hata kidogo. Kwenye kusoma, basi, kazi yake ilikuwa kusikiliza tu na kutikisa kichwa, bila kujua kama mtoto anasoma kilichoandikwa au anabuni. Lakini hesabu! Hapo alijiona yuko kwao. Nne ni nne Bukavu, ni nne Kamembe, ni nne Ulaya. Hesabu haina lugha, alimwambia Védastine, jirani yake mezani sokoni, naye aliliamini neno hilo kwa moyo wote.

Mwanzoni mwa muhula wa pili wa darasa la tatu ikaja kugawanya. Feza alifurahi kama mtu aliyeletewa chakula cha utotoni. Alichukua kalamu akamwandikia Benitha tisini na sita upande wa kushoto, akachora mstari wa kusimama, akaweka nne upande wa kulia, akapiga mstari mfupi chini ya hiyo nne, na jibu, ishirini na nne, akaliandika chini ya mstari huo. Ndivyo alivyofundishwa na masista, kwa kipande cha makaa kwenye sakafu ya saruji mwaka ambao chaki zilikosekana. Benitha alielewa haraka. Walifanya hesabu kumi, zote zikatoka sawasawa, na siku hiyo mchicha ulichelewa kiasi kwamba Niyomugabo angekuwepo angelalamika kweli.

Kesho yake daftari lilirudi na msalaba mwekundu uliokatiza ukurasa mzima, kona hadi kona.

"Mwalimu alisema nini?"

"Kwamba ni mubaya."

"Yote kumi?"

"Yote." Benitha hakumtazama. "Maman, usinifundishe tena. Nitafanya mwenyewe."

Feza alirudia hesabu zile kumi peke yake, kwenye kurasa za nyuma za kijitabu cha kujumlishia mauzo. Hakuona kosa. Kwa hiyo akahitimisha jambo ambalo watu wa aina yake wamefundishwa kulihitimisha haraka: kwamba kosa ni yeye mwenyewe. Kwamba alichokijua kilikuwa kimepitwa na wakati, au hakikuwa kimepata kuwa elimu, na kwamba mkono wake ulikuwa umemchafulia mtoto daftari kwa namna ambayo sabuni na limau haviwezi kuzuia.

Aliendelea kuketi kwenye kigoda saa ileile, lakini daftari halikuja. Benitha aliingia ndani, akafunga mlango wa chumba, na akitoka alisema, "Nimemaliza." Mara moja Feza alipofanikiwa kuliona daftari hilo, kurasa za hesabu zilikuwa nyeupe. Mtoto aliyekuwa akifanya kumi sasa hafanyi hata moja. Hakuogopa hesabu; aliogopa kuifanya kama mama yake.

Wiki tatu zilipita hivyo. Siku moja sokoni, wakipanga mafungu, Védastine, ambaye mwanawe Shema alisoma darasa moja na Benitha, alimchokoza.

"Weye ulisema hesabu haina lugha. Kumbe iko nayo, na si ya kwako!"

"Acha bucheshi, Védastine."

"Siko nacheka. Ni Shema ananiambia. Anasema Benitha wako sasa anakaaka nyuma, kwa banc ya bezi."

Feza aliweka kopo la kupimia chini. Benchi la wezi? "Banc ya nini?"

"Ya bezi. Bale banakopiaka. Ulikuwa haujue?" Védastine alimwona uso, utani ukamkauka mdomoni. "Maman Benitha, nilizani ulijua."

"Nichungie sambaza."

"Unaenda wapi na aproni?"

"Nichungie, nakuambia."

Ni rahisi kusema, na husemwa kila mwaka kwenye mikutano ambayo wanaosemwa hawamo, kwamba wazazi wa sokoni wameiachia shule watoto wao. Maneno hayo hutamkwa na watu waliosoma, wenye saa ya kutoka kazini na mtu wa kuwapikia. Feza alipanda kilima kuelekea shuleni na magamba ya samaki mikononi, hana hotuba aliyoiandaa. Alikuwa na swali moja tu. Kama Benitha ananakili, ananakili kwa nani, wakati aliyemwonyesha ni mama yake?

Ilikuwa mapumziko ya mchana. Mwalimu Munyemana alikuwa peke yake darasani, akila mkate huku akisahihisha. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mtu wa Kirehe, upande wa pili kabisa wa nchi, karibu na mpaka wa Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko cha Feza, na hesabu zake zote alikuwa amezisoma kwa Kiingereza. Alisimama kwa heshima.

"Karibu, mama. Mwanao ni nani?"

"Benitha. Ule wa banc ya bezi."

Mwalimu alishtuka. "Sijawahi kusema wezi, mama. Hayo ni maneno ya watoto. Mimi nasema wanaonakili."

"Sawa. Anakopia kwa nani?"

"Hilo ndilo sijalipata bado." Akavuta rundo la madaftari kutoka pembeni ya meza, akayafungua moja baada ya jingine mpaka yakaijaza meza. "Tazama mwenyewe. Tisa. Mtoto mmoja akikosea hivi, nasema hajaelewa. Lakini watoto tisa hawawezi kuvumbua fujo ileile, kila mmoja nyumbani kwao. Kuna mmoja anaandika, wanane wanafuata. Nimewauliza, wanalia tu. Nikawaketisha nyuma wote mpaka aliyeanza ajitaje."

Feza aliinama. Kurasa tisa, misalaba tisa. Na chini ya wino mwekundu, mara tisa, mstari wa kusimama na mstari mfupi wa kulala. Mwandiko ulikuwa wa watoto, lakini umbo lilikuwa la masista wa Kadutu. Alisoma majina kwenye majalada. Gisa: baba yake, Bimenyimana, dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, alikulia Uvira. Tumukunde: mama yake, Charlotte, yule fundi cherehani, alisomea Goma. Akaenda mpaka jalada la mwisho, polepole, na hakukuta nyumba hata moja ambayo hakuweza kuitaja ilitokea upande gani wa mpaka.

"Mwalimu," akasema, kwa hasira na kwa kitu kingine kilichokaribiana na furaha, "aba batoto habakukopia. Aba batoto beko na bazazi."

Munyemana hakuelewa. Feza hakungoja aelewe. Alichukua chaki, akaandika ubaoni tisini na sita, mstari, nne. Aligawanya kwa sauti, hatua kwa hatua, akishusha tarakimu, akitoa, mpaka ikabaki sifuri.

"Jibu liko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Ile pale, chini ya nne."

"Jibu huandikwa juu."

"Kwenu. Kwetu liko chini. Nipe ingine."

Alimpa sabini na tano kwa tatu. Alimpa mia na nane kwa tisa. Mkate ulibaki mezani. Watoto wawili watatu walikuwa wamejibanza dirishani, kisha wakawa kumi. Munyemana alirudi kwenye madaftari, akaweka kidole chini ya kila mstari mfupi, midomo ikisogea. Katika madaftari saba kati ya tisa, kila jibu lilikuwa sahihi.

"Mimi sijawahi kuiona hii," alisema hatimaye. "Nilikuwa natafuta jibu juu, sikuti kitu. Nikaona ngazi ya namba tu."

"Haukuuliza."

"Ningemuuliza nani, mama? Tuliita wazazi mwezi wa pili. Walikuja kumi na mmoja, kati ya wanafunzi sitini."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

Feza alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Saa tatu. Saa tatu sambaza inauzwa ao inaoza. Bazazi bako walikuwa kazini, mwalimu. Saa kumi na moja balikuwa nyumbani na batoto. Tazama kazi yao ii hapa, umeipiga misalaba."

Kijana aliyapokea maneno hayo akiwa amesimama, na ni haki kumtaja kwa hilo, maana wapo wenye miaka mingi na mishahara mikubwa zaidi ambao wangemwonyesha mlango. Hata hivyo alikuwa na lake la kusema, nalo lilikuwa la kweli.

"Mama, mtihani wa wilaya hautasahihishwa na mimi. Atakayesahihisha atatafuta jibu juu, kama nilivyofanya. Mwanao akiandika hivi, atakosa tena, na safari hiyo hutapata mtu wa kumpandia kilima."

Feza aliirudisha chaki mezani. Alikuwa amekuja kudai kwamba hakukosea, na hakukosea. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolipita kwa furaha yake ya siku ile. Kabla ya kuchukua kalamu hakumuuliza Benitha, hata mara moja, darasani walifanyaje. Alimjibu mtoto swali ambalo mama ndiye aliyejiuliza.

"Basi nifundishe ya kwenu," alisema.

Aliketi kwenye dawati la mbele, magoti yakigusa ubao wa meza. Mwalimu alichora paa dogo, akaweka tisini na sita chini yake, nne nje upande wa kushoto, jibu juu ya paa. Alipopewa chaki, Feza aligawanya vizuri kabisa, kisha mkono wake ukateremka wenyewe ukaandika jibu chini.

"Maman ya Benitha kosa!" watoto walipiga kelele dirishani. "Nyuma! Nyuma!"

Munyemana aligeuka kuwafukuza, lakini Feza alikuwa anacheka, safari hii kweli. Akafuta kwa kiganja, akarudia mpaka mkono ukatii.

Alipokuwa akiondoka, alisimama mlangoni. "Kitu kimoja. Ulibaweka nyuma mbele ya benzabo bote. Ubatoshe mbele ya benzabo bote."

"Nitawahamisha, mama. Hilo halina shida."

"Sikusema ubahamishe. Useme juu ya nini unabatosha."

Mwalimu alijipangusa chaki vidoleni. "Nikikiri kosa mbele ya watoto sitini..."

"Batajua kama muntu mukubwa anaweza kukosa. Wa kwangu alishajua, na mukubwa ule ni mama yake. Kumbe mama hakukosa."

Mwalimu hakuahidi. Lakini alasiri hiyo Benitha alirudi mbio, mfuko ukimpigapiga mgongoni, na habari ikamtoka kabla hajavua viatu: mwalimu aliwaita wote tisa mbele, akaandika ubaoni njia zote mbili, akasema kwamba hii moja yeye alikuwa haijui, na kwamba hakuna aliyenakili. Halafu kila mmoja wa wale tisa akapewa karatasi ya kupeleka nyumbani. Ilikuwa mwaliko wa wazazi, saa kumi na moja jioni, siku ya Alhamisi. Baadaye Feza angewakuta huko sita kati ya tisa, Bimenyimana akiwa bado na kofia ya moto kwapani, nao wangeketi kwenye madawati madogo wakibishana kuhusu lile paa mpaka giza liwaondoe.

Siku hiyo, hata hivyo, lilikuwepo jambo jingine la kungojwa. Feza alinawa mikono. Aliketi kwenye kigoda. Benitha alizungukazunguka uani, akanywa maji asiyoyahitaji, mwishowe akaja na daftari, akalishika kifuani bila kulifungua.

"Maman, utaandika?"

"Apana. Kalamu ni ya kwako. Nionyeshe tu namna mwalimu anafanya."

Mtoto alilifungua gotini mwake. Akachora paa, lililopinda kidogo. Themanini na nne kwa tatu. Nane kwa tatu aliandika tatu, akaendelea. Feza aliliona kosa palepale, na kidole chake kikaanza kuinuka chenyewe. Akakifungia ndani ya ngumi, akaikalia ngumi yake. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba beseni.

"Hapa ulisema nini?" aliuliza alipoweza.

"Nilisema tatu mara tatu ni..." Benitha alinyamaza. "Tisa. Inapita." Akafuta, akaandika mbili, akaendelea mpaka juu ya paa pakakaa ishirini na nane.

Alilitazama jibu lake kwa muda, kama asiyeliamini sana, msalaba wa wiki tatu nyuma ukiwa bado machoni. Kisha akageuza kalamu, akamnyooshea mama yake.

"Fanya ya kwako hapa kando," alisema. "Tuone kama inatoka sawa."