Mlango wa Moyo Uliotundikwa Ukutani

Siku ya kwanza kazini niliulizwa kama najua kunyamaza. Sikuulizwa kama najua kompyuta, na cheti changu cha kidato cha nne kiliangaliwa juu juu tu. Mkuu wa Masijala, mzee mwenye kalamu tatu mfukoni, aliitikia shikamoo yangu, akanitazama nilivyosimama mlangoni na sketi ya kuazima, akasema, "Humu ndani utaona vitu ambavyo dunia haijaviona. Ukitoka nje, hujaviona. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Nilidhani nimeletwa kwenye ofisi ya usalama.

Ilikuwa ofisi ya hataza. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hizi sasa hapa Dodoma, maana nasikia wengi wenu ni wasichana wa kidato cha nne kama nilivyokuwa mimi. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee waliopewa saa ya ukutani siku ya kuagwa. Mimi sina mvi. Nina mtoto na nina hasira. Lakini kazi niliifanya, ikaisha, na kuna jambo moja ndani yake ambalo mpaka leo haliniingii kichwani. Labda ninyi litawaingia.

Tuanze na hataza yenyewe. Mtu akibuni kitu, anaomba serikali impe haki ya kukitengeneza na kukiuza yeye peke yake kwa muda fulani. Haki hiyo ndiyo hataza. Katika ombi lake anaandika madai, yaani sentensi zinazosema hasa ni kipi anachodai ni chake, halafu anaambatanisha michoro. Mchunguzi analisoma na kuuliza mambo mawili makubwa. Kwanza, je, ni kipya? Kipya maana yake hakijawahi kuonekana na watu popote, si kwa maandishi, si kwa picha, si kwa maonesho. Pili, je, kina hatua ya ubunifu, au hata fundi wa kawaida angekifikia bila kuumiza kichwa?

Nilianzia masijala, ambako maombi hupokelewa. Hapo mwenye nchi alikuwa muhuri. Tarehe ya muhuri ndiyo siku ya kuzaliwa kwa ombi, na kila kilichoonekana duniani kabla ya siku hiyo kinaweza kuliua. Mkuu wa Masijala aliutunza muhuri ule kwenye droo yenye ufunguo. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: "Muhuri haupigwi kwenye kitu kilichopungua." Nilikuja kujua baadaye kwamba sheria inaruhusu muhuri upigwe kwanza na kasoro ndogo zirekebishwe baadaye. Mzee hakutaka kusikia hayo. Masijala yake ilikuwa safi kuliko zote, na Mkurugenzi alimsifia kwa hilo kila kikao.

Fundi Iddi alikuja mwaka wangu wa kwanza. Alikuwa fundi wa vifaa tiba hospitalini, mtu wa Kwa Mtoro huko Chemba, mwembamba, na mkononi alikuwa na kitu alichokifunga kwenye kitenge.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetuletea maandazi?"

"Mlango wa moyo, mzee."

"Wa kuingilia au wa kutokea?"

"Wa kupita tu. Kurudi hakuna."

Alitueleza. Moyo una milango minne ndani yake, madaktari wanaiita valvu. Inafunguka damu ipite, inafunga damu isirudi. Ukiharibika mmoja, mtoto anachoka kwa kupanda ngazi mbili. Anaweza kuwekewa wa bandia, ila mtoto anakua na mlango haukui, kwa hiyo anapasuliwa tena. Fundi Iddi alikuwa akitengeneza mashine za wodi ile. Aliwaona watoto wanarudi na kovu lile lile kufunguliwa mara ya pili. Basi akabuni mlango ambao pete yake imepandana yenyewe kama mkanda wa suruali, na ina meno madogo. Mtoto akikua, daktari anapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa mpaka mlangoni, anaujaza maji utanuke, pete inasogea jino moja. Kifua hakifunguliwi.

Nilimwelewa pale pale. Ni kitu pekee katika habari hii nilichokielewa mara moja.

Kulikuwa na wenye kiwanda waliomwambia: lete hataza, tutaweka fedha tuanze majaribio. Bila hataza hawagusi, kwa sababu wakishatoa fedha za majaribio, mwingine atakuja kunakili bure. Kwa hiyo kila kitu kilisimama kwenye karatasi zile alizomkabidhi mzee.

Mzee akazirudisha. Mchoro mmoja ulikuwa umetiwa kivuli kwa penseli, na michoro ya hataza ni mistari myeusi mitupu. Fundi akaenda, akarudi baada ya wiki kadhaa, maana alikuwa na zamu. Zikarudishwa tena, safari hii pambizo zilikuwa nyembamba. Akiwa anasubiri kwenye benchi alimpigia simu mama yake kwa Kisandawe, lugha ile yenye vidoko vya ulimi, na mzee hakukubali ipite bila utani.

"Hapo umemwamkia mama au umevunja karanga?"

"Nimemwambia kuna mzee hapa angependa karanga, ila meno hana."

Walicheka mpaka mlinzi akachungulia. Nawaambia hili mjue kwamba hawakuwa maadui. Mzee alimpenda. Alimrudishia karatasi huku akimpenda.

Mwezi wa nane ukafika, na maonesho ya wakulima pale Nzuguni. Mkurugenzi alituita sote. "Mwaka jana banda letu lilikuwa na meza na vipeperushi, watu wakatupita wakaenda kuangalia ng'ombe," alisema. "Mwaka huu nataka kitu kinachotembea."

Mzee akamtaja Fundi Iddi. Akapigiwa simu, sauti ikawekwa juu tukisikia wote.

"Mkurugenzi, kukionesha hakutanidhuru? Bado sijapata muhuri."

"Utakuwa kwenye banda letu, bwana. Nani atakudhuru ukiwa na sisi?"

Mimi nilihamishiwa bandani kwa wiki ile. Sikuwa na wa kumwachia mtoto. Mama yangu yuko Hombolo na zabibu zake, na baba wa mtoto tusimzungumzie. Nikaenda na Tumaini mgongoni. Fundi alikuwa ametengeneza mlango mkubwa kama sahani ya chai ili watu waone, na pampu ndogo ikisukuma maji mekundu ya rozela. Watu walijaa. Upepo wa Dodoma ulipeperusha turubai, vumbi likaingia kwenye maji, hakuna aliyeondoka. Tumaini alitumbukiza mkono, akaishika pete kwa vidole vyote, akacheka mlango ulipombana. Mpiga picha wa ofisi akapiga.

Picha ilikuwa nzuri mno. Ilipokuja kalenda ya ofisi ya mwaka uliofuata, mwezi wa nane ulikuwa wa mwanangu. Kalenda ilipelekwa wizarani, vyuoni, kwenye mabenki, na kwenye kila chumba cha ofisi yetu. Nilipeleka tatu Hombolo.

Fundi aliendelea kurekebisha. Kulikuwa na namba kwenye mchoro ambayo haikutajwa kwenye maelezo, kisha ukurasa uliopinda kwenye kopi. Mvua zilipokuwa zinakatika ndipo mzee alipofungua droo na kupiga muhuri. Alimpa mkono. "Sasa hili ni ombi," alisema. Halikuwa na kasoro hata moja.

Baada ya hapo nilihamishwa tena, nikawa msaidizi wa Mchunguzi Mwandamizi. Kazi yangu ilikuwa kumpangia alivyovipata kwenye upekuzi, yaani kule kutafuta duniani kote kama kitu kimeshaonekana. Alikuwa mtu wa Njombe, asiyependa maneno. Alipekua hataza za nchi nyingi. Milango ya bandia ipo mingi sana, mingine ya chuma, mingine ya ngozi ya moyo wa ng'ombe. Zipo hata pete zinazopanuka. Ya meno namna ile haikuwepo.

Asubuhi moja alisukuma kiti nyuma. "Hii ni mpya, Mama Tumaini. Nadhani tutampa."

Nikaenda kumletea chai. Ilikuwa mwezi wa nane tena, na nilikuwa nimefunua kalenda ukutani. Niliporudi na kikombe nilimkuta amesimama mbele yake.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Wangu."

"Ameshika nini?"

Nikamwambia. Wiki ile ya Nzuguni yeye alikuwa kwao Njombe msibani, hakuliona banda. Akavua miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia karatasi. "Meno ya pete yanaonekana," alisema. "Yote. Mtu wa fani akitazama picha hii anaitengeneza."

"Lakini ni kalenda yetu."

"Ni chapisho. Limetoka kabla ya muhuri."

"Na maonesho?"

"Sheria inayasamehe maonesho ya namna ile kwa miezi michache tu. Imepita."

Nikamwomba ageuze ukurasa tu, aendelee kunywa chai. Hakunikasirikia. Alisema akijifanya hajaiona, siku mshindani atakapokwenda nayo mahakamani hataza itafutwa, na fundi atakuwa ameshaingiza watu kwenye hasara. Nilitafuta kosa katika maneno hayo, sikulipata. Chai ikapoa. Mwanangu alikuwa anatucheka kutoka ukutani.

Fundi Iddi aliitwa kusikilizwa, maana ombi halikataliwi kabla mwombaji hajasema lake. Alikuja na shati jipya, kwa sababu hakuna aliyemwambia anaitiwa nini. Mkurugenzi alikuwepo, na mzee, na Mchunguzi. Mimi nilikuwa naandika. Mchunguzi akaweka kalenda mezani na kueleza taratibu. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alinipeleka Nzuguni?" aliuliza.

"Ofisi," akasema Mkurugenzi.

"Hii kalenda nani kaichapa?"

"Ofisi."

"Karatasi zangu zilikuwa zinalala wapi muda wote huo?"

Mzee akaangalia kalamu zake.

"Na anayenikatalia?"

"Fundi, ofisi haikufanya kwa nia mbaya," Mkurugenzi alisema. "Kila mmoja hapa alifanya kazi yake."

"Hapo ndipo sijaelewa, Mkurugenzi. Angekuwepo mmoja ambaye hakufanya kazi yake, ningejua nimkasirikie nani." Akaigeuza kalenda imwelekee. "Kwa hiyo sasa huu mlango ni wa nani?"

"Wa watu wote," Mchunguzi alijibu taratibu. "Yeyote anaruhusiwa kuutengeneza."

"Yupo anayeutengeneza?"

Mpaka leo hayupo. Wenye kiwanda waliondoka wiki hiyo hiyo, wakasema hawaweki fedha kwenye kitu cha kila mtu. Mnisaidie hapo, wenzangu. Kitu kilipokuwa cha mmoja kilikaribia kuwafikia watoto. Kilipokuwa cha wote hakimfikii hata mmoja. Nimeligeuza jambo hili nikipika, nikifua, nikiwa nimelala. Halinyooki.

Walipotoka nilibaki na mzee tunapanga viti. Nikamwuliza. "Mzee, si ungepiga muhuri siku ile ya kwanza?"

Alinitazama kama nimemwuliza kwa nini hakuja kazini bila nguo. "Mwanangu," alisema, "mchoro ulikuwa na penseli."

Hakuwa anajitetea. Alikuwa ananifundisha kazi.

Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Niliambiwa maswali yangu yanachelewesha vikao. Mzee alistaafu mwezi ule ule, akapewa saa ya ukutani, Mkurugenzi akaisifu masijala yake mbele ya pilau. Mimi niliichukua kalenda ile nikaondoka nayo. Siku hizi nina mashine ya kutoa kopi mtaa wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma, karibu na wanafunzi. Watu wakiniuliza kama naikumbuka ofisi nawaambia naikumbuka nikiwa nimeuma meno.

Kuna mambo niliyoyapenda, niseme ukweli. Nilipenda asubuhi za kufungua ombi ambalo sijui ndani mna nini. Nilipenda ule ukimya tulioapishwa. Ndiyo maana nina hasira. Niliapishwa nisiseme hata kwa mama yangu, halafu ofisi ikapiga pampu katikati ya uwanja.

Wiki iliyopita Fundi Iddi alisimama mbele ya kibanda changu. Amepungua. Mkononi alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitenge kile kile.

"Ile pete nimeibadilisha, Mama Tumaini," alisema. "Meno nimeyatoa yote. Inasogea kwa namna nyingine kabisa, hata wao hawajawahi kuifikiria. Hebu uone."

Tumaini alishatoka ndani anakimbia. Anaikumbuka rozela. Akamshika fundi suruali. "Afungue, mama. Mwambie afungue."

Na mimi nilitaka kuona. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu kwenye ile kazi. Kwenye benchi walikuwepo wanafunzi wawili wanasubiri kopi zao, simu zao mikononi.

Nikakiwekea mkono kile kifurushi cha kitenge, nikabana fundo.

"Una muhuri?" nikamwuliza.

"Bado. Ndiyo naelekea huko."

"Basi usinioneshe. Usimwoneshe mtu. Wakikuambia kuna penseli, waambie wapige muhuri kwanza, sheria inawaruhusu. Wakikualika popote, sema umelazwa."

Akacheka kidogo, akakaza fundo, akaondoka kuelekea barabarani bila kufungua. Tumaini alilia kwa sauti mpaka wanafunzi wakageuka. Nikamwacha alie, nikaendelea kutoa kopi.