Mkono Ulioelea Juu ya Pumzi

Mwanangu, kuna mchana mmoja ambao bado nauona vizuri kuliko asubuhi ya leo. Mama mkwe wangu, Bibi Amina, amesimama mlangoni pa karakana ya mume wangu hapa Kamembe, kando ya ziwa. Amekumbatia santuri iliyofungwa ndani ya kitenge. Anamtazama mwanawe akihangaika na mashine, na bado hajasema neno.

Ngoja kwanza nikueleze santuri yenyewe. Baba mkwe wangu, ambaye mimi sikumkuta, aliimba ujanani katika orkestra moja upande wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Walitoa santuri hiyo moja tu. Katika wimbo wa mwisho, ule ulio karibu kabisa na karatasi ya katikati, alimtaja mkewe kwa jina. Lakini jina hilo lilikuwa halisikiki tena. Turnediski za kawaida, yaani zile mashine za kupigia santuri, zina mkono uliofungwa upande mmoja, unageuka kama mlango. Ukingoni sindano inakaa sawa. Ikikaribia katikati inakaa upande, inakwaruza, sauti inakuwa kama mafuta yanayokaanga. Na kila ulipopigwa, wimbo ulizidi kulika. Bibi Amina akaifunga santuri yake, akasema haitapigwa tena mpaka apatikane mtu wa kuipiga bila kuiumiza.

Mume wangu Idi alikuwa fundi redio. Mzungu mmoja aliyekuja kwa kazi ya barabara, alipohama, alimwachia turnediski mbovu ya aina ambayo hatukuwahi kuiona. Mkono wake haukufungwa popote. Kulikuwa na bomba laini la chuma lenye vitundu vidogo sana, na pampu ya kulisukumia hewa. Hewa ikitoka kwenye vile vitundu, kipande kinachobeba sindano kinaelea juu ya bomba bila kuligusa, kisha kinasafiri kimenyooka toka ukingoni hadi katikati. Idi alipoelewa hilo aliniita kutoka kwenye cherehani yangu. Akaniambia, akitumia jina la mtoto wetu kama alivyozoea, "Maman Zaina, hii ndiyo ya santuri ya Mama."

Akaanza kuitengeneza kwa namna yake. Pampu ilikuwa inapiga kama moyo, na sindano inasikia yale mapigo. Basi akaweka katikati shamburayeri, ule mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ili hewa ipumzike humo kwanza, ndipo itoke taratibu. Ukungu wa ziwa uliponyevusha hewa, akaipitisha ndani ya chupa ya mchele mkavu. Ili bomba lilale sawa, alitazama maji kwenye bilauri na kuchomeka vipande vya karatasi chini ya miguu ya mashine, kimoja baada ya kingine.

Watu wa soko walimcheka. Walisema Idi amekuwa mfugaji, anafuga upepo. Muuza sambaza mmoja, wale dagaa wa ziwani, alikuwa akipita mlangoni anauliza kama huo upepo umeshazaa, na kama maziwa yake yanauzwa. Idi alicheka pamoja nao, kisha akarudi kuinama. Nilimpenda kwa jambo hilo.

Hata hivyo mkono ulikuwa unakwama. Tulijaribu kwa santuri kuukuu zisizo na mwenyewe, maana ya Bibi Amina haikutoka kwenye kitenge. Mkono ulianza vizuri, ukaelea, ukaenda. Ukikaribia katikati, mahali pale pale ambapo kwenye santuri ya Bibi Amina jina lilikuwa linasubiri, unasita, na sindano inaruka kurudi nyuma. Idi akaamini hewa ni kidogo. Mchana ule ninaokusimulia alikuwa ameijaza shamburayeri mpaka imevimba, na kidole chake kiko juu ya mkono, anataka kuusukuma.

Hapo Bibi Amina akasema. Hakupandisha sauti.

"Idi, acha. Ulipokuwa unajifunza kutembea, kila siku ulikuwa unaanguka. Nikasema mutoto huyu miguu yake ni mibaya. Nikakupakaa mafuta, nikakuvuta mikono, ukalia. Kumbe dada yako alikuwa nyuma anakukamata kanzu. Miguu haikuwa na shida. Wewe unausukuma huyo mukono. Umeangalia nani anaukamata?"

Idi akaondoa kidole. Tukainama sote watatu kuitazama mashine, shamburayeri inapumua pembeni.

Ni mimi niliyemwona mkamataji, na nasema bila aibu. Kutoka kwenye sindano zilitoka nyaya nne nyembamba za kubeba sauti, zimefungwa pamoja ndani ya ngozi ya plastiki, zikaning'inia hadi nyuma ya mashine. Mkono ukiwa ukingoni, nyaya zililegea. Ukifika katikati, zilikaza. Kitu kinachoelea juu ya hewa tupu, hata unywele unaweza kukizuia.

Mimi ni mshonaji, mwanangu. Shule yangu iliishia darasa la tano huko Mururu, lakini kwapa la nguo nalijua. Ukilikaza, vazi litapendeza likiwa limetundikwa, na mwenye nguo hataweza kuinua mkono. Nikamwambia Idi, "Umelikaza kwapa."

Akanitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Mama yake akamwambia aache kucheka, amupe muke wake nafasi.

Idi alifungua spika ndogo iliyokufa, akatoa ndani yake waya wa shaba mwembamba kama unywele, akaukata vipande vinne vya kushika nafasi ya zile nyaya. Mimi nilivikwangua ncha kwa wembe, nikazipitisha nyaya moja moja, zisishikane, nikaacha ulegevu kwenye kila moja kama ninavyoacha kwapani. Yeye akalehemu. Kisha akapunguza hewa, akaitoa karibu nusu. Mkono ukawa mwepesi hivi kwamba mtu akipumua karibu nao, unasogea. Tukajifunza kugeuza uso.

Bibi Amina mwenyewe ndiye aliyefungua kitenge. Aliketi kwenye kiti changu cha cherehani, mikono mapajani. Nyimbo za mwanzo zilipita. Wimbo wa mwisho ukaanza, na mkono ukaendelea kwenda bila kusita, kana kwamba hakuna kitu njiani. Tukamsikia mwanamume kijana, sauti safi kama yuko chumbani. Akataja, "Amina."

Sindano ilifika kwenye karatasi. Idi akazima. Bibi Amina alinyoosha mikono kuipokea santuri, akasema:

"Jina nilikuwa nalikumbuka. Lakini nimemusikia anavuta pumzi mbele ya kulitaja. Hiyo pumzi nilikuwa nimeisahau."

Akaifunga santuri, akaenda kuswali.

Yule muuza sambaza alikuwa mlangoni. Hakuuliza habari za maziwa.

Leo Bibi Amina hayupo, na Idi wangu hayupo. Idi hakuimba, hakuacha sauti yake kwenye santuri yoyote. Aliacha mkono ule. Upo mezani kwangu, nabadilisha mchele wa kwenye chupa unapolowa, na nikiwasha pampu shamburayeri inavimba polepole kama kifua cha mtu aliyelala. Mgeni akiniuliza ni nini hiki, namwambia: hii ni kazi ya mume wangu, na nyaya ni zangu. Nasema hivyo kichwa kikiwa juu.

Basi shika hili, mwanangu. Kitu unachokipenda kikisita, kiwe kazi, kiwe ndoa, kiwe mtoto wako mwenyewe, usikimbilie kuongeza nguvu. Toa kidole. Zunguka nyuma, utazame ni nini kinakikamata, na ukikipata usikikate kwa hasira, kilegeze. Na mtu akiwa nyuma yako mlangoni, kimya, mpe nafasi aseme.

Mungu akupe mkono mwepesi na macho ya kuona uzi mwembamba. Akupe wa kucheka naye kazi inapokwama. Na siku ukikumbukwa, ukumbukwe mpaka pumzi yako.