Radhi Iliyopelekwa Nanyamba

Wivu ninao, na sioni haya kuusema. Wenzangu huwaonea wake wenzao wivu kwa kanga na vitenge. Mimi nilimwonea wa kwangu wivu kwa kuombwa radhi na polisi.

Mashine za kupulizia mikorosho ziliibwa ghalani, mume wetu akakamatwa. Siku ya wizi alikuwa msibani, kijiji kizima kilimwona, lakini hakuna askari aliyeuliza mtu. Walimuuliza yeye tu: nyumbani kwako wapi? Akasema Ziwani, kwangu. Wakaja na mwenyekiti wa kijiji, wakachana godoro, wakachimba uani mpaka kwenye mihogo, majirani wamejaa kama wamealikwa harusi. Tangu hapo nikipita, jirani anaingiza kuku wake ndani. Lile shimo sikulifukia, makusudi.

Chakula cha mahabusu nilipeleka mimi. Bi mkubwa alikaa zake Nanyamba, anabangua korosho.

Basi, wezi wenyewe wakapatikana. Mume wetu akaishtaki serikali, na mahakama ikaamuru alipwe fidia na aombwe radhi nyumbani kwake, mbele za watu. Wakamuuliza tena: nyumbani kwako wapi? Akasema Nanyamba.

Loo! Siku ya kuchimbwa, nyumbani ni kwangu. Siku ya viti na maturubai, nyumbani ni kwa bi mkubwa! Nilipomuuliza akanijibu, "Yule ndiye mkubwa. Usianze."

Nikaenda, nikatiwa jikoni kukaanga samaki. Dirishani nikamwona afande kavua kofia, anamwinamia mke mwenzangu. "Mama, tulikosea. Utusamehe kwa kuchimba ua wako."

Ua wake! Uliofagiwa ukang'aa! Roho iliniuma hadi nikaunguza samaki. Fidia wale wenyewe. Mimi nilitaka neno lile tu, lisemwe kwangu, majirani zangu wasikie.

Nikashika mlango nitoke niseme. Bi mkubwa akaniwahi.

"Afande, mimi sikuchimbiwa kitu. Aliyechimbiwa yuko jikoni. Siwezi kusamehe kwa niaba yake. Mfuateni kwake."

Wakaja Ziwani kweli. Afande akasimama penye shimo, kofia mkononi, akasema tulikosea. Mwenyekiti yupo, majirani wote wapo. Nililia, sikatai.

Walipoondoka, jirani yangu yule wa kuku akanishika mkono. Nikajua sasa na yeye anataka kuniomba radhi.

"Shoga, una bahati," akasema. "Mke mwenzio yule ana utu! Tumesikia alivyomjibu afande. Mwingine angenyamaza."

Nilitaka kumwambia maneno yale nilikuwa nayo mimi, mlangoni, mdomoni kabisa. Nani angeniamini? Nikasema kweli, ana utu. Wivu ukanirudia mzima mzima, na safari hii sina hata wa kumshtaki.