Polikarp na Mlango wa Mkiani

Polikarp hapangi abiria kabla ya kuuliza mlango uko wapi. Wageni wa stendi humcheka. Wenyeji hawacheki.

Zamani hakuuliza. Tangu mabasi ya watu binafsi yaruhusiwe, kanuni yake ilikuwa moja: wa siti za nyuma watangulie, asiwepo wa kumruka mwenzake. Basi alilolipanga la kwenda Laela lilijaa wakati jingine bado linagombana na tenga la kuku. Hivyo ndege ndogo ya kukodi ilipoanza kutua Sumbawanga, wenye ndege wakamwita yeye.

Safari ya kwanza ilimchukua binti yake, Adela: mimba ya miezi saba, miguu imevimba, presha juu, anapelekwa Dar es Salaam.

"Wingu lile likifika hapa, siruki," alisema rubani. "Mna dakika kumi."

"Kumi nyingi," alijibu Polikarp. Wiki nzima alifanya mazoezi kwa viti vya parokia pale Chanji. Abiria kumi na wawili, kila mmoja nusu dakika ya kusukuma mzigo chini ya kiti. Wakisubiriana, dakika sita. Wakipangwa wasukume kwa pamoja, mbili. Kwenye orodha, Adela akapewa namba moja, siti ya nyuma kabisa. Baba ni baba.

Ila mabasi yote ya maisha yake yalikuwa na mlango mbele. Wa ndege hii ulikuwa mkiani. Wanne wa kwanza walikaa palepale mlangoni, wakaziba njia. Mkia ukadidimia, pua ikainuka taratibu.

"Baba, inaanguka!" Adela alipiga kelele ndani.

"Shukeni! Mmoja mmoja, polepole!"

Mzee Modesti, namba kumi na mbili, alitikisa kichwa. "Polikarp, umeikalisha ndege kama mbwa."

"Shikamoo mzee. Ingia wewe kwanza, nenda mbele kabisa!"

Orodha ile ile, ikisomwa kutoka chini. Wa mwisho wakawa wa kwanza, jambo ambalo padre huahidi kila mwaka bila kutaja saa. Na namba moja akawa wa mwisho. Adela alisimama chini ya ngazi, ameshika tumbo, huku mbele yake namba mbili, Marsiana, akivutana na furushi la maharage lililokataa kupita. Rubani alitazama saa, akatazama wingu, akashika mlango.

"Dada, liache!" Polikarp alilinyakua furushi. Adela akapanda. Mlango ukafungwa. Tone la kwanza la mvua likaangukia orodha.

Ndege iliingia winguni. Polikarp alibaki amekumbatia maharage ya watu, akiufuata mngurumo kwa sikio na kuhesabu: moja, mbili, tatu. Mngurumo ulipopotelea mbali, hakuthubutu kuacha kuhesabu, asije akaiangusha ndege.