Mrina Asali Anayenuswa Kabla ya Kupanda Mti

Umande haujakauka kwenye majani ya miombo, na Gaspar Lusambo amekwisha vua viatu. Mti ulio mbele yake ni mrefu kuliko nyumba yoyote ya Inyonga, na juu kabisa unaning'inia mzinga wa gome ambao nyuki wake wanasikika mpaka chini. Kamba iko begani. Mwenge wa majani makavu umeanza kutoa moshi. Lakini hapandi.

Kwanza anamsogelea mwenzake, Makoye Nkwabi, anafungua mdomo na kumpumulia usoni.

Makoye ananusa taratibu, macho kayafumba, kama mtu anayenusa kibuyu kujua maziwa yamelala au bado. Ni Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, na kunusa vibuyu hajaanza leo.

"Panda, Baba Theo," anasema, na kuishika ncha ya kamba.

Hawa wawili hufanya hivyo kabla ya kila mti. Warina asali wenzao kambini walicheka mpaka wakachoka kucheka. Gaspar mwenyewe hatanii hata kidogo.

"Hapo ndipo ninapoponea," anasema baada ya kushuka, nta imemganda kwenye ndevu. "Wengine wana kanisa. Mimi nina pua ya Makoye."

Gaspar, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, anajulikana upande huu wa Inyonga kwa mambo mawili. La kwanza, kwa zaidi ya nusu ya maisha yake alikuwa mlevi wa wanzuki, ile pombe ya asali. Msimu mzuri humpa madebe kumi na mawili ya asali. Miaka ile yaliyofika nyumbani hayakuzidi manne. La pili majirani hulisema kwa sauti ya chini zaidi: haamini kwamba kuna Mungu.

"Sina ugomvi naye," anaeleza. "Ningekuwa na ugomvi naye, si ningekuwa naamini yupo? Nimebatizwa, nimefundishwa, nimekaa nikasikiliza. Pale wenzangu wanapoona kitu, mimi naona pako wazi tu."

Huku hilo si jambo dogo, hasa kwa mtu anayetaka kuacha pombe. Kila mlango aliobisha ulikuwa na sala nyuma yake. Jirani yake Mwislamu alimwalika msikitini kwa moyo mweupe. Mganga mmoja alimwambia ni mizimu ya ukoo inayoona kiu, na hiyo mizimu nayo Gaspar haiamini. Mhudumu wa zahanati alimpa vidonge vya kuongeza damu na ushauri wa kumrudia Muumba.

Mwishowe alipanda lori hadi Mpanda mjini, kwenye kikundi cha waumini cha Majengo kilichokuwa kikisaidia walevi. Kiongozi wao alikuwa katekista Bartolomeo, mzee mpole ambaye Gaspar bado anamtaja kwa heshima. Waliketi, wakasimuliana aibu zao bila kufichana. Halafu wakapiga magoti ili kila mmoja ajikabidhi kwa Mungu.

Gaspar aliomba akae tu kwenye benchi asikilize. Bartolomeo akamjibu kwa upole, "Mwanangu, sisi nguvu yetu ni hiyo. Ukiitoa hiyo, tunabaki watu wa kupiga soga."

Basi akapiga magoti. Akaitikia. Akaapa mbele yao wote.

"Nilidanganya watu wema," anasema, na hapa anaacha kumenya nta vidoleni. "Walinishika mkono, mwingine akalia kwa ajili yangu. Nilitoka pale uongo umenikaba kooni, nikaenda kuusuuza. Sikufika hata stendi."

Walioijua habari walisema imani yake ilikuwa haba. Yeye akaona aliyeharibu ni yeye, kwa kuapa kwa asichokiamini. Hakurudi tena Majengo, na hakujua aende wapi.

Kilichomsimamisha ni mzinga. Alipanda akiwa na pombe ya jana yake mwilini, na nyuki, ambao warina asali wote watakuambia hawapendi jasho la mlevi, wakamvamia. Akaiachia ndoo ya asali. Ilimwangukia Makoye begani, na mpaka leo mkono ule hauinuki kupita sikio.

Gaspar alijua amempoteza mwenzake. Msukuma alingoja bega lifungwe, halafu akasema maneno ambayo Gaspar anayakumbuka yote.

"Mambo ya Mungu wako, yuko au hayuko, mimi siyajui. Mimi nawatambikia babu zangu na wananitosha. Ninachojua ni kamba. Utakuwa unanipumulia. Ukinuka, siishiki."

Hakumtaka aape. Hakumtaka aseme neno. Tangu siku hiyo Makoye hajawahi kukataa kuishika, ingawa mara mbili alinusa akarudia kunusa, na zile mara mbili Gaspar alianza kuishusha kamba begani, japo hakuwa amegusa tone.

Mwulize amekaa muda gani bila pombe, hatakuambia. Anasema hesabu humtia kiburi, na kiburi kinakunywa.

Lakini porini ni porini; nyumbani hakuna kamba wala pua ya Makoye. Wiki ile alipokuwa akiyasimulia haya, Juni mwaka huu, usingizi ulikuwa umemkataa kwa sababu ya Jumamosi.

Jumamosi hiyo wakwe wangekuja kumchukua binti yake, Theopista. Ugeni wa namna hiyo hukaribishwa kwa wanzuki, na mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya wageni, waone kwamba ndani ya kibuyu hamna kitu kibaya. Asipoonja, hakuna mgeni atakayenywa. Na wageni wakiondoka bila kunywa, binti anaondoka na fedheha, au haondoki kabisa.

"Funda moja tu," aliambiwa na ndugu zake. Walidhani wanamtuliza.

"Mimi funda moja silijui," anasema. "Sijawahi kukutana nalo."

Kulikuwa na jingine, baya zaidi. Upande wa bwana harusi, watu wa Misunkumilo, walikwisha sikia habari za mkwe wao asiyesali. Maneno yalizunguka hadi yakamfikia mkewe, Pudensiana: mtu asiyemwogopa Mungu anaweza kutia chochote kibuyuni.

Pudensiana husali kila siku, na ndoa yao imevumilia mengi. "Imani ninayo ya kututosha wawili," anasema. "Yeye nimemwachia kazi ya kutokunywa tu. Ila ile Jumamosi niliogopa. Niliogopa akionja, na niliogopa asipoonja."

Siku ikafika. Wageni wakaketi ukumbini, wazee mbele. Makoye, ambaye si ndugu, alipewa nafasi mlangoni. Kibuyu kikaletwa, kikawekwa mikononi mwa Gaspar. Asali ilikuwa yake mwenyewe, ya mti uleule. Harufu ikampanda puani, akakisogeza mbali na uso.

"Wakwe zangu," alisema, "mimi ni mlevi. Nikionja hiki, leo mtaniokota, na kesho mtaniokota. Pombe ni safi. Ila siwezi kuionja."

 Theopista alikuwa kainamisha kichwa ndani ya kanga. Baba wa bwana harusi, mzee Severini, mtu wa kanisani kutoka utotoni, alimgeukia.

"Mkwe," aliuliza, "mtu akisema neno zito kama hilo, huapa. Wewe unaapa kwa nani?"

Hilo ndilo swali alilokuwa amelikimbia tangu Majengo. Gaspar anakiri kwamba jina la Mungu lilimfika ulimini, tayari, rahisi kabisa. Angelitamka, mambo yangekwisha.

"Siapi," akajibu. "Niliwahi kuapa, nikadanganya. Ninuse."

Akainuka, akapiga magoti mbele ya mzee yule, akampumulia usoni.

Watu wawili watatu waliguna. Mlangoni, Makoye alifumba macho kana kwamba anayenusa ni yeye. Severini alirudi nyuma kidogo, halafu akasogea, akanusa.

"Hanuki," alisema.

Pudensiana hakungoja kuulizwa. Aliingia, akakipokea kibuyu kwa mumewe, akanywa funda la kuonekana na kila mtu, akawapa wageni. Kikaanza kupita mkono kwa mkono, na mazungumzo yakarudi. Theopista aliondoka jioni hiyo kwa vigelegele.

Gaspar aliona jambo moja ambalo wengine hawakuliona. Kibuyu kilipomfikia Severini, mzee alikishika kwa mikono miwili, akakikazia macho, akampa aliyefuata. Kilipozunguka mara ya pili akafanya vilevile.

Wageni walipokuwa wakifunga mizigo, mzee alimvuta mkwe wake nyuma ya nyumba.

"Mimi nasali," alimwambia. "Nasali kila siku, mkwe, kwa moyo wote, na bado nakunywa. Nyumbani wanajua, kanisani hawajui. Hiyo yako ya kunuswa, mzee kama mimi inanifaa?"

 Gaspar alimwambia msimu wa Novemba waende wote kambini, watatu pamoja na Makoye, na aje na sala zake kama anavyozipenda.

Sasa anamtengenezea mzee kitanda cha fito kambini, mbali na moto wa wale wanaopika wanzuki. Anaogopa. Anaogopa Severini asije, na anaogopa akija. Makoye naye akipata malisho mazuri kusini atahama na ng'ombe wake, kama Wasukuma wanavyohama, na pua ile itaondoka naye.

"Ndiyo maana namtaka mzee," anasema, akikaza fito kwa kamba ya gome. "Nimezoea kunuswa. Nataka nijifunze kunusa."