Bwana Munakata Aliyekataa Kufa

Nimeuza bunduki za mchezo pale Akihabara kwa miaka kumi na tisa, na nimewadharau wateja wengi. Sijamdharau yeyote kwa raha kama nilivyomdharau Munakata Shigeo.

Alipanda ngazi za duka letu Jumamosi moja ya mwezi wa tano, akitweta, maana tuko ghorofa ya pili juu ya mkahawa wa tambi na ngazi zenyewe ni nyembamba. Nyuma yake walikuja wafanyakazi wake wawili. Mmoja alikuwa Ebisawa, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwenye tabasamu lililogandishwa usoni. Mwingine alikuwa Bi Nezu, mwanamke mkimya mwenye miwani minene. Munakata alikuwa mkuu wa mauzo katika kampuni ya vigae vya bafuni. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, mtoto wa kinyozi wa Gifu, na maishani mwake hajawahi kukimbilia kitu zaidi ya treni ya asubuhi. Ila kwa wiki tatu alikuwa ameangalia video za makomando kila siku wakati wa chakula cha mchana, kwa hiyo sasa alikuwa mtaalamu. Aliamua idara yake yote iende kucheza vita porini, eti ili wapendane.

"Kijana," aliniambia, nami namzidi kwa miaka mitatu, "nipe wanayotumia makomando."

"Makomando gani, bwana?"

"Wote."

Nikamweleza kwa adabu ninachomweleza kila anayeanza. Kwanza macho: nunua miwani ya kinga iliyo imara, inayoziba pande zote, kwa sababu kidonge cha plastiki kinachotoka kwenye bunduki hizi ni kidogo kama punje ya mbaazi lakini jicho halioti tena. Pili mdomo. Tatu viatu vya kushika kifundo cha mguu. Bunduki ikodi uwanjani mara mbili tatu, ujue mkono wako unataka nini, halafu ndipo urudi kununua.

"Kukodi?" Alimgeukia Ebisawa. "Umesikia? Nikashike bunduki iliyoshikwa na jasho la watu?"

"Haiwezekani, bosi!" alisema Ebisawa. "Mtu wa hadhi yako!"

Basi nikamuuzia. Mtu akitaka kujitia aibu kwa hela zake, mimi ni nani nimzuie? Nikamuuzia bunduki ya umeme ya chuma tupu, uzito wake kama mtoto wa miezi sita. Helmeti yenye kishikizo cha darubini ya usiku, na darubini hana. Fulana ya mifuko kumi na minne. Kinga za magoti, kinga za viwiko. Kisha akaona redio ya kuning'iniza kifuani.

"Hii inafika umbali gani?"

"Haifiki popote, bwana. Ni bandia. Ndani haina kitu."

Akaipima mkononi, akajitazama kwenye kioo. "Weka."

Ebisawa alichagua vitu vilevile, ila kila kimoja kikiwa daraja moja chini ya cha bosi. Aliuliza mara mbili, kwa sauti ya chini, kama nina uhakika helmeti yake ni duni zaidi. Watu wa namna hiyo ninawajua. Munakata alinichekesha, lakini yule alinitia kichefuchefu.

Wakati wao wakijipamba, Bi Nezu alikuwa pembeni akifanya jambo ambalo sijaona mteja mwingine akilifanya bila kufundishwa. Alivaa miwani ya kinga juu ya miwani yake, akaruka papo hapo kama mara hamsini, akapumua kwa nguvu, kisha akaangalia kama kioo kimeshika ukungu. Jozi tatu alizirudisha, ya nne akaishika. Halafu akachukua bunduki moja moja, akaiweka begani na kutulia hivyo, akiitazama saa ya ukutani. Mwishowe alichagua bunduki fupi ya plastiki, iliyotumika, na kinga ya wavu ya kufunika mdomo na mashavu.

Munakata akacheka. "Nezu! Unaenda kucheza au kufukuza nyuki?"

"Nina meno yangu yote, bosi," alisema Bi Nezu. "Nimeyazoea."

Jumapili iliyofuata niliwakuta Chiba, uwanjani. Siku za Jumapili mimi ni refa pale. Ni msitu wa mianzi uliojaa mapipa ya mafuta na vibanda vya mbao, na watu wanaovaa fulana ya njano kama mimi ndio sheria. Lakini sheria yenyewe ni ndogo. Kidonge hakiachi rangi wala alama. Ukipigwa, unajua wewe na aliyekupiga, basi. Unainua mkono, unapaza sauti "Nimepigwa!", unatoka. Watoto wanaweza. Wazee wanaweza. Mchezo mzima umekaa kwenye ulimi wa aliyepigwa, na asiyesema tunamwita maiti anayetembea.

Munakata alitoka chumba cha kubadilishia akikokota miguu, jasho limeshamlowesha kabla hata filimbi haijalia. Uso wake ulikuwa wazi kuanzia puani kushuka chini; kinga ya mdomo, alisema, inaharibu muonekano. Mchezo ulipoanza alikwenda hatua ishirini, akakaa nyuma ya pipa kama mtu aliyefika kituoni, na hapo akabaki.

Bi Nezu alikuwa timu ya pili. Alikuja akitambaa ubavuni, taratibu, bunduki yake ya plastiki mbele. Nilikuwa nimesimama hatua tano nyuma ya Munakata. Niliona. Kidonge kiligonga ile redio yake bandia, *ta!*, sauti ikasikika hadi kibandani. Munakata aliangalia kifua chake. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Kisha akaendelea kupiga risasi hewani.

"Bosi, nimekupata!" Bi Nezu aliita.

"Bado! Imegonga mti!"

Hapakuwa na mti. Mchezo wa pili ikawa hivyohivyo: begani, kisha kwenye helmeti. Helmeti, jamani! Mtu aliyepigwa kwenye helmeti anasikia kengele kichwani. Mchezo wa tatu, paja. Nilihesabu nne. Na kila mara Munakata alipompiga Bi Nezu, hata kidonge kikimgusa kidole tu kwa bahati, mwanamke yule aliinua mkono mara moja, akasema "Nimepigwa", akatoka.

Wakati wa chakula tulikaa kwenye meza ndefu na sahani za wali wa kari. Bi Nezu akaja na sahani yake, akasimama mbele yangu.

"Refa, ulikuwa nyuma yake. Uliona?"

Ebisawa akadakia kabla sijafungua mdomo. "Mimi nilikuwa karibu zaidi. Hazikumfikia. Ni upepo."

"Upepo gani?" Bi Nezu alisema. Majani ya mianzi yalikuwa yametulia kama yamechorwa.

"Upepo wa chini," alisema Ebisawa.

Munakata alikuwa akila. Hakuinua kichwa. Nami, mwenye fulana ya njano, nilifikiria mteja aliyenunua nusu ya duka langu kwa siku moja, nikafikiria miezi ijayo na fulana zijazo, nikasema, "Sikuona vizuri, dada. Mgongo wake ulinizibia."

Bi Nezu alinitazama kama mtu anavyotazama samaki aliyekaa nje tangu asubuhi. Akaenda kula peke yake.

Mchana tulianza tena. Mara hii alimjia uso kwa uso, kutoka kwenye kibanda hatua kumi na tano mbele. Kidonge cha kwanza kiligonga fulana.

"Bosi, umepigwa!"

Munakata akainuka nusu nyuma ya pipa, mdomo wazi kabisa. "Sijapigwa! Nimesema sijapi..."

Kidonge cha pili kiliikata sentensi. Akashika mdomo na kukaa chini kama gunia, na damu kidogo ikapita katikati ya vidole. Nikapuliza filimbi. Kila mtu akasimama alipokuwa.

Wa kwanza kufika hakuwa Ebisawa, ambaye alikuwa umbali wa kunyoosha mkono. Alikuwa Bi Nezu. Aliweka bunduki chini, akapiga magoti, akaanza kupekua majani makavu kwa vidole. Alikipata kipande cha jino la mbele, nusu nzima. Akakimbia hadi kwenye mashine ya vinywaji, akanunua maziwa, akakitumbukiza humo ili kisikauke kabla ya kumfikia daktari wa meno. Hakucheka. Niliuangalia uso wake vizuri nikitafuta hata tone la furaha, sikuliona. Ningekuwa mimi, ningeimba.

"Nani amenipiga?" Munakata alisema, maneno yakivuja kwenye pengo.

"Mimi, bosi."

"Ulilenga mdomo?"

"Nililenga redio. Uliinuka."

"Omba radhi, Nezu!" Ebisawa alifoka. "Unamvunja mkuu wa idara jino halafu unasimama hapo kama nguzo?"

Bi Nezu akainama vizuri, kiuno chote, kama inavyotakiwa. "Samahani kwa jino, bosi." Akainuka. "Kwa jino tu."

Akampa pakiti ya maziwa, akaenda kuvua vifaa vyake.

Baadaye nilisikia kwamba aliomba mwenyewe ahamishiwe kiwandani, Tajimi, ambako hakuna mkuu wa mauzo wa kumtazama. Wanasema huko amepata uwanja mlimani na anacheza kila wiki mbili. Ebisawa alipandishwa cheo. Sishangai. Watu wa namna ile huelea, hata kwenye maji machafu. Hasa kwenye maji machafu.

Munakata nilidhani hatarudi. Akarudi mwezi wa kumi, jino jipya likimetameta kuliko wenzake. Dukani walikuwepo vijana wawili wachumba, wanaanza, wamesimama mbele ya kabati la miwani wasijue washike ipi. Akawasogelea bila kuitwa.

"Mnaona hili?" aliwaambia akigonga jino kwa ukucha. "Chiba. Nilikuwa mbele kabisa ya mapambano. Wote wamejificha, mimi nimesimama."

Yule binti alisema "Aa!" kwa heshima. Wakanunua miwani waliyochagua, wakashuka ngazi. Tukabaki wawili. Nilikuwa nimelificha jambo hili miezi mitano.

"Bwana Munakata," nilisema, "siku ile ulipigwa mara nne kabla ya chakula. Nilihesabu."

Nilitegemea afoke. Hakufoka. Aliweka pakiti ya vidonge juu ya kaunta, akaisogeza kwangu, akaangalia mikono yake.

"Nne?" alisema. "Mimi nilihesabu sita."



"Nilikuwa nasikia kila moja," aliendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza vipimo vya vigae. "Lakini walikuwa wananitazama. Ukishakataa ya kwanza, ya pili unaikubali vipi?" Kisha akaniinulia macho. "Na wewe ulikuwa refa."

Nikaweka vidonge vyake kwenye mfuko, nikakunja mdomo wa mfuko mara mbili, nikampa kwa mikono miwili. Nikainama kama ninavyomwinamia kila mteja, ila nilikaa hivyo muda mrefu zaidi, mpaka viatu vyake vilipomaliza ngazi.