Mlango Ambao Zdravka Aliusoma kwenye Simu

Kwa miaka thelathini na mmoja Zdravka alikuwa dalali wa nyumba mjini Plovdiv, na katika muda wote huo hakupata kumwuzia mtu nyumba kabla ya kuusoma mlango wake. Mtu akifariki huko, jamaa zake hubandika kwenye mlango mkuu wa jengo karatasi yenye picha yake, tarehe zake na, chini kabisa, majina ya wafiwa. Siku ya arobaini hubandika nyingine, kisha ya miezi sita, kisha ya kila mwaka. Wapita njia husikitika na kwenda zao. Zdravka alivaa miwani, akatoa daftari, akaandika: nani amekufa, ameacha nani, na ni mrithi yupi kati yao ambaye muuzaji hakumtaja.

Kazi hiyo alimfunza Ventsi, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Alimfunza kusikiliza mabomba na kunusa ukungu nyuma ya makabati, lakini kabla ya yote, kusoma mlango.

Ventsi alipokua na kuingia katika ofisi yake, alikuja na kamera inayopiga chumba pande zote, hata mnunuzi aliye Vienna akatembea ndani ya nyumba huku ameketi. Alikuja pia na programu ya kutia samani katika vyumba vitupu na kung'arisha kuta. Zdravka hakuichukia. Alichekea tu bakuli la malimau ambalo programu iliweka katika kila jiko. "Jengo zima lina mafua," alimwambia mpwawe, naye Ventsi akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Majira ya baridi yalipokwisha alikuja Ognyan, dereva wa treni mstaafu, mjane kutoka kijiji cha milimani. Binti yake aliishi mtaa wa Kamenitsa na watoto pacha walioanza shule, na Ognyan alitaka nyumba ya vyumba viwili karibu nao, awe anawapeleka na kuwarudisha. Ili aipate aliuza nyumba yake ya kijijini pamoja na mti wa mjozi uliopandwa na babaye. Ventsi alipomnyooshea simu aone vyumba vya nyumba moja aliyoipata mtaani humo, mzee aliisukuma kwa adabu.

"Nimeendesha treni miaka thelathini na minane, kijana wangu. Sikuwahi kuendesha kwa kutazama picha ya reli." Kisha akamgeukia Zdravka. "Bi Zdravka, mimi nakungoja wewe. Ukishausoma mlango, uniambie."

Ilitokea kwamba wiki hiyo Zdravka alikuwa ametoka kupasuliwa goti. Ventsi alimletea supu nyumbani, akampangia mto chini ya mguu, akamwekea simu mkononi. "Pumzisha goti, mama mdogo. Mlango nimekuletea hapa hapa."

Alikuwa ameupiga picha vizuri sana. Zdravka aliikuza kwa vidole, akakuta karatasi moja tu: Mariyka wa ghorofa ya nne, mwaka wa nane tangu afariki. Aliisoma yote, akaiandika daftarini. Muuzaji, Lachezar, alikuwa amesema kwamba baba yake alikufa zamani na kwamba yeye ni mtoto pekee. Mlango haukumpinga.

"Umeusoma?" Ognyan aliuliza kwa simu jioni ile.

"Nimeusoma."

Kwa neno hilo mzee alitia saini mkataba wa awali na kutoa arbuni.

Mwezi Mei Zdravka alikwenda Kamenitsa kwa mkongojo, kupima dirisha la jikoni la nyumba ile. Alitaka kumshonea mzee pazia. Alipofika mlangoni alisimama. Kando ya Mariyka palikuwa na karatasi nyingine, ya siku ya arobaini, iliyokwisha kukunjamana kwa mvua za Machi: Bogdan, baba yake Lachezar. Wafiwa walikuwa wawili, mwanawe Lachezar na bintiye Iskra.

Jirani alimpa namba ya Iskra. Mama huyo alijibu taratibu kwamba nyumba ya baba yake haiuzi, na kwamba hakuna aliyemwuliza. Simu ya Lachezar ilikuwa imezimwa.

Ofisini Ventsi alimsikiliza bila kuondoa macho kwenye kompyuta. Alisema programu husafisha yenyewe. Hufuta nyaya, takataka, makaratasi.

"Mbona ya Mariyka haikuifuta?"

Ventsi alizungusha kijiko katika kahawa iliyokwisha kupoa.

"Mlango mtupu ungekushtua," alisema mwishowe. "Ungeita teksi siku ile ile. Lachezar aliniambia dada yake atakubali tu. Mama mdogo, siku hizi tangazo likikaa wiki mbili limekufa. Tungempoteza Lachezar."

Zdravka aliketi. Karatasi moja ilifutwa ili watu wote wasiione. Ile nyingine iliachwa kwa ajili yake peke yake. Katika mji mzima, mtu wa kuikuza picha ile kwa vidole alikuwa mmoja, na aliyelijua hilo alikuwa mmoja.

Kesho yake alikwenda kwa binti wa Ognyan. Mzee alimpa ndara za wageni, akamkaribisha jikoni, ambako maboksi yake yalipangwa hadi darini kandokando ya kochi alilokuwa akilalia. Zdravka angeweza kuanza na programu, au na Ventsi. Hakuanza nao.

"Bwana Ognyan, uliniuliza kama nimeusoma mlango, nikakwambia nimeusoma. Sikwenda. Nilisoma picha."

Akamweleza yote yaliyobaki, na kwamba atafuatana naye kwa wakili, na daftari lake, aseme kila jambo hata likimponza mpwawe. Mzee aliipangusa meza iliyokwisha kuwa safi.

"Yule kijana nilimjua kuwa ni mtu wa simu," alisema. "Wewe nilikuuliza kwa sababu ulikuwa mtu wa miguu."

Alimletea koti, akamshikia mpaka akalivaa, kama walivyolelewa watu wa rika lao. Kisha Zdravka aliinama kuvua ndara na kuvaa viatu vyake, goti likimkatalia, mkono mmoja ukutani. Ilimchukua muda mrefu. Ognyan alisimama pale pale, akiwa ameshika kitasa cha mlango, akingoja.